Visanduku Vichache, Miongo Mingi

Voi ni mji wa makutano. Msomaji wa gazeti la Taifa Leo anayesubiri matatu ya Wundanyi au Taveta anaweza kuwa Mdawida, Mtaveta, Mkamba, au Mluo ambaye babu yake aliletwa na reli au mkonge. Edward Gitau aliwachekesha wote kwa kibonzo kimoja, Juha Kalulu, alichoanza kukichora miaka ya 1950 katika jarida la Tazama, kabla hakijatia nanga Taifa Leo.

Aliwezaje?

Kwanza, alimtafutia mhusika wake mkuu, Juha, makazi ya kubuni. Hakuna anayeweza kudai kwamba kabila lake ndilo linalochekwa. Kisha akamzungushia watu wachache wa kudumu: mkewe Seera, rafiki yake Serere, na mbwa wake Taska. Hapa ndipo penye ufundi hasa. Kibonzo cha gazeti hupewa visanduku vitatu au vinne; mchoraji akianza kueleza nani ni nani, kisanduku kimoja kimekwenda bure. Msomaji akishamjua Seera, kumwona tu amesimama mlangoni kunatosha kumwambia kwamba Juha ana kesi ya kujibu.

Karatasi ya gazeti nayo ina masharti yake. Hufyonza wino, na mistari myembamba iliyobanana hugeuka doa. Kwa hiyo mchoro lazima uwe na mistari michache iliyo wazi. Maneno pia hupangwa: macho husoma kutoka kushoto, basi anayetangulia kusema hukaa kushoto, la sivyo jibu litasomwa kabla ya swali na kicheko kipotee.

Gitau alichora pia kwa Kiingereza. Terry Hirst na Hilary Ng'weno walipoanzisha jarida la Joe mwaka 1973, yeye aliwachorea City Life. Joe lilifungwa mwaka 1979. Juha akaendelea kuchekesha kwa Kiswahili. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi yake kuu, na inastahili kusomwa kwa makini kama riwaya.

Vijana wa Voi na Mwatate mnaochora kwenye simu, chukueni mbinu hizi. Mwangeka wa Malowa, shujaa wa Mwanda aliyewapinga Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, anastahili hadithi ya picha. Anzeni na sura ambazo mtoto wa Taveta atazitambua kabla hajasoma neno hata moja.