Potasiamu 9.1 kwa Mgonjwa Anayekunywa Uji

Mashine imetoa potasiamu 9.1. Kawaida haizidi sana 5, na kwa kiwango hiki moyo unaweza kusimama wakati wowote. Daktari aliomba potasiamu pekee, lakini mtaalamu wa maabara ameingiwa na shaka, akaongeza kalsiamu kwenye sampuli ileile: 0.6, wakati ilitakiwa ikaribie 2.2 au zaidi.

Anachoshuku ni chupa. Ile ya kizibo cha zambarau ina EDTA, chumvi ya potasiamu inayonasa kalsiamu ili damu isigande. Chupa nyekundu, ile ya kupimia potasiamu, ikionekana haijajaa, mtu akaimiminia damu kutoka kwenye ya zambarau, potasiamu hupanda na kalsiamu huporomoka. Seli nyekundu zikipasuka potasiamu hupanda pia, lakini seramu, yaani majimaji ya damu, hugeuka nyekundu na kila mtu akaona. Hapa inabaki safi, ya manjano, haina dalili yoyote.

Sasa simu. Mwaka 1972 mpatholojia George Lundberg wa Los Angeles alichapisha utaratibu wa kuwaarifu madaktari papo hapo majibu yanayotishia uhai, na leo umeenea duniani: piga, taja jibu, mpokeaji alirudie, andika jina lake na saa. Ni utaratibu mzuri, ila unafikisha namba tu, shaka inabaki maabara. Kuandika “sampuli imekataliwa” na kunyamaza ni kubaya zaidi, maana kama potasiamu ni ya kweli, mgonjwa anakufa huku wodi ikingoja.

Simu inayofaa husema: “Potasiamu 9.1, kalsiamu 0.6, nashuku chupa. Mgonjwa yukoje?” Wodini wanajua kwamba amekaa, anakunywa uji, maabara hawamwoni. Maabara wanajua EDTA inafanya nini. Wodini huenda hawakumbuki. Basi mgonjwa apimwe umeme wa moyo mara moja, na damu ichotwe upya, chupa nyekundu ikitangulia ya zambarau. Akipewa insulini kwa potasiamu ya uongo, ile ya kweli ndiyo itakayoshuka, na sukari pamoja nayo.

Lakini figo zilizoshindwa nazo hupandisha potasiamu na kushusha kalsiamu, ingawa ni nadra ishuke hadi 0.6. Ndiyo maana sehemu ya maelezo ya mgonjwa kwenye fomu, ambayo mara nyingi huachwa tupu, ina uzito mkubwa. “Figo, anasafishwa damu”: maneno matatu hayo yangemfanya mtaalamu aogope zaidi kabla hajaishuku chupa.