Mazingira ya majaribio yaliyoshikwa barabara

Ukionyeshwa mazingira ya majaribio ya programu ya mtandao usio na seva kuu, ule ambao kila kompyuta, yaani nodi, huomba na kuhudumia kwa wakati mmoja, usikimbilie kuuliza yana nodi ngapi. Nodi elfu zinazokwenda zipendavyo hazifui dafu mbele ya nodi nne zilizoshikwa barabara. Uliza hivi: jaribio lililofeli jana, mnaweza kulifelisha tena leo, vilevile, kwenye mashine ya mtu mwingine? Wakianza kutazamana, umeshapata nusu ya jibu.

Kielelezo ninachokipenda ni regtest, hali ya majaribio ya Bitcoin. Kwenye mtandao halisi bloku hupatikana kwa wastani wa dakika 10, na hakuna ajuaye ataipata nani. Ndani ya regtest mpimaji huagiza bloku, ikatoka papo hapo. Amri ya setmocktime humwezesha kusogeza saa ya nodi wiki mbili mbele bila kungoja. Zawadi ya bloku, ambayo kwenye mtandao halisi hukatwa nusu kila baada ya bloku 210,000, humo hukatwa kila baada ya bloku 150. Hata majirani hupangwa na mpimaji: nani aunganishwe na nani, na lini watenganishwe.

Kisha omba kuona msimbo wa majaribio, na utafute mahali palipoandikwa sleep. Jaribio linalolala sekunde tano likitumaini ujumbe umeshafika linabahatisha. Mashine ikilemewa, litafeli bure. Fundi hungojea hali: mpaka nodi ya pili ifikie bloku ileile ya nodi ya kwanza, na huweka ukomo wa kungoja. Namba ya mbegu ya bahati nasibu nayo iandikwe kwenye logi kila mara, kwani bila hiyo hitilafu hupita kama mgeni asiyeacha jina. Timu iliyozoea kubonyeza “endesha tena” mpaka taa iwe kijani imeshaacha kupima.

Kwenye mtandao wenyewe ndiko wengi hujikwaa. Nodi zote zikikaa 127.0.0.1, anwani ya kompyuta yenyewe, ujumbe hufika mara moja na haupotei. Linux ina zana ya netem, inayoweza kuchelewesha pakiti kwa milisekunde 100 na kupoteza asilimia moja, lakini kagua imewekwa wapi: kwa kawaida hugusa pakiti zinazotoka tu. Ukiiweka upande mmoja, safari ya kurudi inabaki nyepesi, na vipimo vyako vitakudanganya. Tena programu ya Bitcoin Core, inapochagua majirani wa kuunganishwa nao, huepuka kuchukua wawili walio katika kundi moja la anwani. Nodi zilizorundikwa kwenye anwani moja haziwezi kuijaribu kanuni hiyo kwa haki. Kila nodi ipewe mtandao wake na anwani yake.

Jambo ninalolishikilia kuliko yote ni mchanganyiko wa matoleo. Machi 2013 toleo 0.8 la Bitcoin lilikuwa limehamia hifadhidata ya LevelDB, huku nodi za zamani zikiwa bado na Berkeley DB. Ikaja bloku kubwa iliyohitaji kufuli nyingi kuliko kikomo cha hifadhidata ya zamani. Nodi mpya zikaipokea, nyingi za zamani zikaikataa, mnyororo wa bloku ukagawanyika, na wachimbaji wakalazimika kurudi kwenye toleo la zamani ili uungane. Kikomo kile hakikuwa kanuni ya mtandao iliyoandikwa popote. Kilikuwa kimejificha kwenye mipangilio ya hifadhidata. Mazingira yenye toleo jipya peke yake yangeonyesha kijani mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo kabla hujasifu, waambie waukate mtandao vipande viwili, toleo la zamani huku na jipya kule, wachimbe bloku pande zote, kisha wauunganishe mbele yako. Warudie kwa mbegu ileile, na mzilinganishe logi mbili mstari kwa mstari.