Risasi Nyembamba ya Oberndorf

Neno risasi limebeba mizigo mitatu. Risasi ni madini, yale mazito ya kijivu ambayo mvuvi huyafunga kwenye nyavu zake zizame. Risasi ni kipande kinachoruka kutoka kwenye mtutu. Na risasi ni kile kitu kizima anachokipakia mwenye bunduki: ganda la shaba, fataki kitakoni, baruti tumboni na kichwa mdomoni. Hapa nitasema risasi kwa maana hiyo ya tatu, na kile kinachoruka nitakiita kichwa, kwa sababu uzuri ninaotaka kuuonyesha umo katika namna vipande hivyo vinne vilivyopatanishwa.

Risasi yenyewe ni 7x57 Mauser. Saba ni upana wa tundu la mtutu kwa milimita, hamsini na saba ni urefu wa ganda. Ilibuniwa mwaka 1892 katika kiwanda cha Mauser huko Oberndorf, mji mdogo kando ya mto Neckar kusini mwa Ujerumani, na mwaka uliofuata jeshi la Hispania likaichukua. Siku hizi wanaoiulizia dukani ni wachache, na wengi wao wana sababu ya moyoni.

Ichukue moja uilaze kiganjani. Ganda linapanda likijibana kidogo tu, linateremka begani bila haraka, kisha shingo ndefu inakishika kichwa imara. Kitakoni hakuna ukingo uliotokeza, ila mfuo uliochongwa kuzunguka ganda, ndiyo maana risasi tano hukaa ndani ya bunduki na kupandishwa moja baada ya nyingine bila kukwaruzana wala kukwama. Mtu aliyewahi kuvuta komeo la Mauser ya zamani anajua ninachosema: risasi inaingia chemba kama ufunguo unaoijua kufuli yake.

Lakini roho ya kazi hii iko kwenye kichwa. Kile cha mwanzo kilikuwa na uzito wa gramu 11.2, kikiwa na ncha ya mviringo, na urefu wake ulizidi upana wake mara nne hivi. Kilitoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 700 kwa sekunde, ambao kwa vipimo vya leo ni mwendo wa wastani tu. Sasa fikiria vyuma viwili vya uzito mmoja, kimoja kifupi kinene, kingine kirefu chembamba, vinavyopigwa kwa nguvu ileile kwenye gogo. Kile chembamba ndicho kitakachozama. Uzito wote umepangwa nyuma ya ncha ndogo, na kinachokutana na nyama au mfupa ni eneo dogo tu.

Kitu kirefu kinachoruka kina tabia ya kuyumba, na hapo ndipo mafundi wa Oberndorf walipoonyesha uangalifu wao. Michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu hukisokota kichwa, nao waliichonga ikamilishe mzunguko mmoja kila baada ya milimita 220. Piga hesabu na ule mwendo wa mita 700, utaona kwamba kichwa kinajizungusha zaidi ya mara 3,000 kwa sekunde, wima kama pia iliyochezwa na mtoto mwenye mkono mzuri. Waliacha pia nafasi ndefu mbele ya chemba ili kichwa kirefu kikae bila kusukumwa ndani na kuila nafasi ya baruti. Kila kipimo kilikuwa kinakingoja kichwa kile.

Dunia iliifahamu kwa vita kwanza. Tarehe 1 Julai 1898, kwenye vilima vya San Juan huko Kuba, Wahispania wachache wenye Mauser waliwaumiza vibaya Wamarekani waliokuwa wakipanda. Mwaka uliofuata Makaburu wa Afrika Kusini walianza kuitumia dhidi ya Waingereza, na Waingereza wakajifunza ubora wake wakiwa upande usiofaa wa mtutu. Ya vita niyaache hapo. Kampuni ya John Rigby ya London ilianza kutengeneza bunduki za uwindaji kwa risasi hiyohiyo, na kwa kuwa wateja wake walihesabu kwa inchi, ikaiita .275 Rigby. Jina lilibadilika, risasi haikubadilika.

Kwa jina hilo la pili ndipo historia yake inapoingia kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti Walter Dalrymple Maitland Bell alifika Mumias, magharibi mwa Kenya ya leo, kituo ambacho misafara ya wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani ilikuwa imekizoea kabla yake. Kutoka hapo alielekea kaskazini hadi Karamoja, nchi ya wafugaji iliyompa jina la utani alilozikwa nalo, Karamojo Bell. Alifuata pembe za ndovu. Katika maisha yake aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao walianguka kwa risasi hii nyembamba.

Idadi hiyo inaniuma, na siisifu. Ndovu wale walikuwa mali ya nchi ile, na meno yao yaliishia kuwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi ng'ambo. Ninachokitazama ni jambo jingine: jinsi mtu mmoja alivyoielewa zana aliyoishika.

Wawindaji wengi wa wakati wake waliamini kwamba mnyama mkubwa anataka bunduki kubwa. Walibeba, au tuseme walibebewa, bunduki za mitutu miwili zenye uzito wa kilo sita hivi, zinazorusha vichwa vya karibu gramu 50 na kumpiga mfyatuaji teke la kumtoa machozi. Mtu aliyepigwa teke la namna hiyo mara moja, safari ya pili hufumba macho kabla ya kufyatua. Bega lake linajikunja, mkono unavuta pembeni, na kichwa kizito kinakwenda kusikotakiwa.

Bell alianzia upande wa pili. Aliagiza fuvu la tembo lipasuliwe kwa msumeno, akakaa akilisoma kama fundi saa anavyoisoma saa iliyofunguliwa, mpaka akajua ubongo umelala wapi na unafikiwaje mnyama akisimama ubavu, akitazama mbele, au akienda zake. Alijizoeza kila mara kulenga na kufyatua bunduki tupu. Akachagua kichwa kilichovikwa koti gumu, kisichopasuka wala kupinda kikikutana na mfupa, na baada ya hapo bunduki nyepesi ilimtosha. Aliibeba mwenyewe mchana kutwa, ikawa tayari mkononi mwake nyayo zilipoanza kuwa mbichi. Nyayo hizo, aghalabu, zilisomwa na wenyeji, na alikiri kwamba mengi alijifunza kwa Pyjalé, Mkaramojong aliyekuwa mwongozaji na rafiki yake.

Hiyo ndiyo sababu ninaiheshimu risasi hii kuliko nyingi zenye kishindo. Walioibuni walimkumbuka mtu atakayeshika bunduki. Walimpa teke dogo, naye akaweza kuacha macho wazi mpaka mwisho. Mwandishi wa uwindaji wa Marekani, Jack O'Connor, aliandika mara nyingi juu ya mkewe Eleanor, mpiga shabaha hodari ambaye bunduki aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya 7x57.

Kwa nini basi imekuwa adimu? Sehemu ya jibu ni umri wake. Bunduki za Kihispania za miaka ya 1890 bado zimo mikononi mwa watu, na viwanda vya Marekani, kwa kuhofia vyuma hivyo vikongwe, huijaza baruti kwa woga. Mnunuzi akasoma namba kwenye boksi, akaiona dhaifu. Mwaka 1980 ikaja 7mm-08 ya Remington, yenye ganda fupi linaloingia kwenye bunduki fupi, ikafanya karibu kazi ileile. Kwa tembo, sheria za nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji hazimruhusu mtu kuikaribia kazi hiyo na mtutu mwembamba hivi, na ni haki, kwa maana aliyeyaweza ya Bell ni mmoja kati ya maelfu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977.

Bell alifariki mwaka 1954. Baadaye mwandishi Robert Ruark aliinunua bunduki yake moja ya .275 jijini London, akampa zawadi mtoto wa rafiki yake Harry Selby, mwindaji mashuhuri wa Kenya. Ilikaa na familia hiyo Afrika kwa miaka mingi, kijana akikua nayo na kuwinda nayo, mpaka kampuni ya Rigby ilipoinunua ikairudisha ilikotengenezwa.