Haipo na Haipa

Mtoto wa Kipsigis hapa Kimulot, kwenye vilima vya chai, huzoea kazi ya kiambishi kabla hajajua kwamba kina jina. Kipkemoi ni mvulana aliyezaliwa usiku. Chepkemoi ni msichana wa saa zilezile. Kichwa cha jina ndicho kinachobadilika. Kwa hiyo akifika chuo cha uuguzi na kukutana na Kigiriki kilichojificha ndani ya Kiingereza, hababaiki: "taki" ya takikadia ni mbio, "bradi" ya bradikadia ni polepole, moyo ni uleule.

Ufundi hasa uko mdomoni. Napenda kuwasikiliza wauguzi wa vilima hivi vya chai wakitoa habari za mgonjwa kwa simu, tuseme anapelekwa Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanza mwaka 1937 huko Bomet. Hawaparamii maneno. Kuna mawili ambayo yakichanganywa yanaua: "haipoglaisimia", sukari ya damu iliyoshuka, na "haipaglaisimia", iliyopanda. Tofauti yake ni irabu moja. Mwingereza akisema kwa kasi huimeza, na maneno yakawa pacha. Insulini inayomfaa wa pili itammaliza wa kwanza.

Hapo ndipo ninapoiheshimu lafudhi yetu, ile inayofanyiwa vichekesho redioni. Lugha ya Kipsigis haina h, basi pengine utasikia "aipo", na g nayo ikageuka k. Haidhuru, kwa sababu sauti hizo zimo katika maneno yote mawili. Irabu inayoyatenganisha hutoka nzima: o ni o, a ni a. Tena Kiswahili kimetupa msaada wa bure, maana sukari ikishuka, haipo! Mgiriki wa kale, ambaye viambishi hivi hakuvitamka kwa "hai" hata kidogo, angetushangaa.

P nayo ina vituko vyake. Katika nimonia Waingereza huiandika wasiitamke, Kiswahili kikaitupa kabisa. Katika dispnia, yaani kupumua kwa taabu, haiko tena mwanzoni mwa neno, kwa hiyo lazima isikike.

Muuguzi stadi, hata hivyo, haliachii neno kazi yote. Akishasema haipoglaisimia huongeza, "Imeshuka, mbili nukta nne," naye aliye upande wa pili hurudia neno na namba, ndipo wazungumzie dekstrosi, yaani sukari ya kumpa mgonjwa.