Fahari Isiyotamkwa na Mwenyewe: Siti binti Saad Mikononi mwa Shaaban Robert

Katika semina moja ya uzamili, tulipokuwa tukijadili Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert, mwanafunzi mmoja aliuliza swali lililotunyamazisha sote: ni wapi katika kitabu hiki Siti mwenyewe anapoona fahari? Tulipekua kurasa. Sifa zilikuwa tele, lakini msemaji wake alikuwa ni mwandishi. Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo. Msimamo wetu ni kwamba fahari ya Siti imo, ila imekaa mahali ambapo sisi wahakiki hatukuzoea kuitafuta.

Tuanze na lugha yenyewe. Maneno wasifu na sifa yana asili moja katika Kiarabu. Anayeandika wasifu, kwa hiyo, ameshika kalamu ya kusifu hata kabla hajaandika neno la kwanza. Hata hivyo, sifa katika adabu ya Waswahili hutolewa na mwingine. Anayejitolea mwenyewe huambiwa anajinaki, na kujinaki si mbali na kiburi. Ni kweli kwamba fasihi simulizi yetu ina majigambo, na wanafunzi wetu huyakariri vizuri katika mitihani. Lakini majigambo ni uwanja wa shujaa: Fumo Liyongo ana haki ya kujigamba kwa sababu ana ukoo, ana silaha na ana adui. Mfinyanzi anayetembeza vyungu juani atajigamba kwa lipi, na mbele ya nani?

Mtu asiye na uwanja huo hupitia njia ya pembeni. Mfano wa zamani na ulio bora ni Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Ieleweke kwamba Mwana Kupona hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa mke wa mtawala wa Siyu. Lakini mbinu yake ndiyo tunayoitaka hapa. Katikati ya mawaidha kwa binti yake, anagusia jinsi alivyoishi kwa furaha na marehemu mumewe, na jinsi mume huyo, mauti yalipomfikia, alivyotamka kwamba ameridhika naye. Baada ya hapo anaendelea na mafunzo yake. Wahakiki wengi wamezisoma beti hizo kama kielelezo cha utiifu, na si kosa. Kwa maoni yetu, hata hivyo, huu ndio wakati wa fahari kuu katika maisha ya mama huyu, naye ameupitisha katika kinywa cha mtu aliyekwisha kufa ili asionekane anajisifu.

Siti hakuwa hata na kinga hiyo ya cheo. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, takriban mwaka 1880, baba akiwa Mnyamwezi na mama Mzigua, katika jamii iliyopima watu kwa nasaba. Jina alilopewa ni Mtumwa. Hakupata elimu ya shule. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza, na mnamo 1911 akahamia mjini. Humo ndimo sauti yake ilipopata wanamuziki wa kuifuata. Siti, neno lenye maana ya bibi wa heshima, ni jina ambalo inasimuliwa alitunukiwa na waliovutiwa na uimbaji wake. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay na wenzake kurekodi santuri za HMV, na sauti ya Kiswahili ya mwanamke wa Ng'ambo ikaanza kusikika katika nyumba ambazo mwenyewe hakupata kuziingia.

Msomaji wa leo angetarajia kwamba Bombay, au lile jina jipya, ndicho kilele. Shaaban Robert ana haja nyingine. Alionana na Siti muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1950, na kitabu kikatoka mwaka 1958. Anamtaka Siti awe ibra: mfano wa subira, bidii na ukarimu. Hatumlaumu kwa kuwa na maadili. Shaaban bila maadili si Shaaban. Lakini ibra ina gharama yake. Kila tukio hugeuzwa kuwa somo kabla mwenye tukio hajavuta pumzi, na Siti anabaki kama mgeni katika sherehe yake mwenyewe.

Wala tusidhani kwamba mwandishi alimnyima Siti kitu alichojipa mwenyewe. Katika Maisha Yangu, karani huyu wa forodha hakutuwekea orodha ya ushindi wake. Alituwekea tenzi mbili: Utenzi wa Hati aliomtungia binti yake, na Utenzi wa Adili aliomtungia mwanawe. Fahari ya baba imo humo, imevishwa vazi la wosia. Hapa Shaaban anakaribiana mno na Mwana Kupona, ingawa karibu karne nzima imewatenganisha. Tofauti ni kwamba wao wawili walishika kalamu, na walijua mahali pa kuificha fahari yao. Siti alifichiwa.

Je, Siti alikuwa na kalamu gani? Bila shaka ni wimbo, na katika wimbo adabu ya Kiswahili ina mlango mmoja ambao haukufungwa: kujibu. Anayejisifu hulaumiwa, lakini aliyetukanwa ana ruhusa. Bado inakumbukwa Unguja namna wapinzani wake walivyomwimba kwa kejeli, wakimuuliza tangu lini amekuwa mtu, wakimtajia shamba alikotoka na kaniki alizovaa. Jibu lake linakumbukwa pia: kwamba sura nzuri na nasaba tukufu si hoja, na hasara ya kweli ni kukosa akili. Hakutaja santuri, hakutaja safari, wala hakutaja majumba ya matajiri alimoalikwa. Aliikataa mizani yenyewe waliyompimia. Kama kuna mahali tunapomsikia Siti akiona fahari kwa sauti yake, basi ni hapo, na kwa bahati mbaya hapo ndipo wahakiki wa wasifu hupita haraka, wakidai kwamba mipasho ni somo la wenzao wa taarabu.

Mgawanyo huo wa kazi umetugharimu. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alizisoma nyimbo za Siti, ukiwamo ule wa Kijiti, kama kumbukumbu za masaibu ya watu wa Ng'ambo mbele ya sheria. Sisi wa idara za fasihi tumebaki na kitabu cha Shaaban mkono mmoja na ushairi mkono wa pili, kana kwamba vinahusu wanawake wawili tofauti. Tunapowatuma wanafunzi wetu vijijini kukusanya tawasifu za wazee, tunawafundisha kuuliza moja kwa moja: siku gani ulijivunia zaidi? Mama mzee hujibu kwa kumsimulia mwanawe aliyefuzu ualimu, na mwanafunzi hurudi akilalamika kwamba hakujibiwa.

Yule aliyeuliza swali semina sasa anaandika tasnifu yake. Sura ya kwanza inahusu wasifu. Ya pili tumemshauri aianze na yale matusi.