Ahadi ya Injili ni ya Nani?

Ahadi ni deni, ndivyo wasemavyo wazee. Basi, ahadi ya Mungu katika Injili ni deni kwa nani?

Hapa Lubumbashi tunaishi jirani na Wapresbiteri, ambao misioni yao ya kwanza katika Kongo ilianzishwa Luebo, Kasai, mwaka 1891. Imani yao yatoka kwa Calvin na wafuasi wake. Twapenda kuyapima mafundisho ya Wakalvini wa kwanza kwa haki, pasipo dharau.

Sinodi yao iliyokutana Dordrecht, Uholanzi, mwaka 1618 hadi 1619, ilifundisha mambo mawili. La kwanza: kila amwaminiye Kristu msulibiwa ataokoka, na ahadi hiyo, pamoja na amri ya kutubu na kuamini, yapasa kutangazwa kwa mataifa yote. La pili: Mungu alikusudia kifo cha Mwanawe kiwaokoe wateule tu.

Hapo pana fundo. Mtu wa Katuba akiuliza, "Je, Kristu alikufa kwa ajili yangu?", mhubiri atajibu nini? Wao husema: usianze kwa kuchungulia orodha ya wateule, mjie Kristu, maana sadaka yake yatosha dunia nzima, na asiyeamini amejinyima mwenyewe. Jibu hilo lina heshima yake: laiweka imani juu ya neno la Mungu, si juu ya udadisi wetu. Lakini halifungui fundo. Mwenye arusi akialika mtaa mzima, chakula kikawa tele, na moyoni amewakusudia wachache tu, mwaliko wake una kasoro. Kasoro si ya chungu, ni ya moyo.

Kanisa lilifundisha huko Trento, mwaka 1547, kwamba Kristu alikufa kwa ajili ya wote, ingawa si wote wapokeao faida ya kifo chake. Tena mwaka 1653 Papa Inosenti wa Kumi alilaani fundisho la kwamba alikufa kwa wateule tu, lilipozuka kati ya Wakatoliki wenyewe, wafuasi wa Askofu Jansenius. Kwa hiyo katekista aweza kumwambia kila mtu: "Alikufa kwa ajili yako." Hapo wajibu wa kuamini ni kuuitikia upendo, si kubahatisha.

Lakini, wasomaji wapenzi, tusijisifu. Wao, wenye fundisho jembamba, waliamuru ahadi itangazwe kwa wote. Sisi, wenye fundisho pana, mara ngapi tumempita jirani mlevi, mke aliyeachwa, kijana mchimbaji wa shaba, kana kwamba ahadi si yao? Deni hilo ni letu pia. Tulilipe.