Kiinimacho na Haki ya Neno

Mshairi anapokilazimisha kina hata maana ikamponyoka, wajuzi hawamsifu kwa kina chake. Mizani hiyo hiyo yafaa kumpimia fundi wa mazingaombwe anayebuni viinimacho kwa ajili ya tamthilia. Watazamaji humpigia makofi mtu atowekaye mbele yao. Suali la mhakiki ni jingine: alipotoweka yeye, neno la mtunzi lilisalia?

Tuanzie London, mkesha wa Krismasi wa 1862, katika ukumbi wa Royal Polytechnic. Hapo John Henry Pepper alionyesha mzuka katika igizo lililotokana na The Haunted Man, kisa cha Charles Dickens. Wazo la asili lilikuwa la mhandisi Henry Dircks. Pepper akalirekebisha lipate kutumika katika kumbi za kawaida. Kioo kikubwa kiliinamishwa mbele ya jukwaa. Chini yake, shimoni, mahali watazamaji wasipopaona, alisimama mwigizaji aliyemulikwa kwa taa kali; taswira yake ikaakisiwa kiooni, akaonekana juu miongoni mwa wenzake, mwepesi kama moshi. Lakini kioo kilichomleta mzuka ndicho kilichofifisha sauti za waigizaji waliokuwa nyuma yake, nao wenyewe hawakumwona huyo waliyemkabili. Jicho lilishiba, sikio likalala na njaa.

Tulinganishe na Tufani ya Shakespeare, ambayo S. S. Mushi aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1969. Katika sehemu ya tatu, mabwana waliomdhulumu Prospero wanaandaliwa karamu wakiwa hoi kwa uchovu. Ariel anashuka kwa umbo la ndege wa kutisha, anapiga mbawa, na chakula kinatoweka. Maandishi yanaagiza hila, ya namna gani hayasemi. Kutoweka huko ni hukumu: waliopora dola wanaporwa tonge. Mwongozaji au mfasiri akilipuuza agizo hilo, ameuondoa mshororo katika ubeti.

Mwaka 2014, huko Marekani, Aaron Posner na mwanamazingaombwe Teller waliiongoza tamthilia hiyo kwa pamoja, na Ariel akachezwa na Nate Dendy, bingwa wa karata na wepesi wa vidole. Mwaka 2016, huko Stratford, Royal Shakespeare Company ilimvisha Mark Quartley vazi lenye vihisi; kompyuta ikazifuata nyendo zake na kumchora Ariel mwingine wa nuru. Ufundi huo ni mkubwa, ila watazamaji walipewa Ariel wawili, mmoja mwenye mwili na mmoja mwenye ajabu, na jicho likalazimika kuchagua. Kwa Dendy, ajabu imo katika mikono ya huyo huyo anayelitamka shairi. Kwa hiyo nazipendelea karata zake.

Waandishi wetu wanaotaka mizuka jukwaani wasingoje kioo wala kompyuta. Waanze na mshororo, waulize unadai nini, ndipo wamwite fundi.